"Different with" na wenzake: Taabu ya vihusishi vya Kiingereza

HEBU leo tuanze na mtihani mdogo, msomaji. Chukua kalamu na karatasi, au mwite kijana wako aliye kidato cha pili aketi kando yako. Tafsirini sentensi hizi tano kwa Kiingereza bila kuchungulia kitabu chochote:

Suneka iko karibu na mji wa Kisii.
Kisii iko mbali na Mombasa.
Chai ni tofauti na kahawa.
Dada yangu ameolewa na mwalimu.
Mama amechoka na kelele.

Je, mmemaliza? Sasa sahihisheni. Ya kwanza ni "close to". Ya pili ni "far from". Ya tatu ni "different from". Ya nne ni "married to". Ya tano ni "tired of". Kwa Kiswahili, sentensi zote tano zimetumia neno moja tu, "na". Kwa Kiingereza tumehitaji maneno matatu tofauti, na "with" ambayo watoto wetu hufundishwa mapema kuwa ndiyo maana ya "na" haikuonekana hata mara moja!

Hapo ndipo chimbuko la "different with", "married with" na "tired with" zinazosikika kila siku madarasani, ofisini na hata redioni. Mwanafunzi aliyeandika hivyo si mjinga wala si mvivu. Ametafsiri kwa uaminifu neno aliloliona mbele yake. Taabu ni kwamba Kiingereza hakitafsiriki hivyo.

Leo tutatumia mfano wa Kisii na Nyamira. Si kwa sababu watu wa huko wamezidi kukosea, la hasha. Ni kwa sababu mtoto wa huko anaishi na lugha tatu kila siku, na hali yake inaonyesha wazi jinsi kosa hili linavyozaliwa.

Lugha tatu kichwani

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Abagusii nchini Kenya ni zaidi ya milioni 2.7. Wengi wako katika kaunti za Kisii na Nyamira, na wengine wametawanyika Nairobi, Nakuru, Mombasa na kwingineko. Mtoto anayezaliwa Ogembo au Kebirigo huanza na Ekegusii mapajani pa magokoro, yaani nyanya yake. Kiswahili anakutana nacho sokoni, kwenye matatu na redioni. Kiingereza kinamngoja shuleni, na ndicho atakachofanyia karibu mitihani yote.

Ekegusii na Kiswahili ni lugha za Kibantu, ni kama ndugu wa ukoo mmoja. Ekegusii nacho kina "na" yake inayofanya kazi nyingi, na kina neno "ase" ambalo hutumika kuonyesha mahali, kwa nani na kwa ajili ya nani. Kwa hivyo mtoto anapofika darasani tayari lugha mbili zimemfundisha jambo moja: kwamba neno dogo moja linatosha kuunganisha mambo mengi. Lugha ya tatu ndiyo inayomkatalia.

Tena tusidhani kwamba neno likifanana basi kazi yake inafanana. Chukua neno "baba". Mswahili akilisikia anamfikiria mzazi wa kiume. Mgusii akisema "baba" kwa lugha yake anamwita mama yake mzazi. Baba yake humwita "tata". Mgeni aliyeolewa kule Nyamira asipoambiwa mapema anaweza kuchanganyikiwa siku ya kwanza jikoni. Basi "na" na "with" ziko vivyo hivyo. Wakati mwingine zinakutana, kama katika "chai na maziwa" au "nilienda na dada". Wakati mwingine haziamkiani kabisa.

Sisi tuna kitenzi, wao wana kivumishi

Iko sababu nyingine iliyo ndani zaidi, na walimu wengi hawapati nafasi ya kuieleza. Mambo mengi ambayo Kiingereza huyasema kwa kivumishi, sisi huyasema kwa kitenzi.

Sisi husema "naogopa mbwa". Kitenzi kinamshika mbwa moja kwa moja, hakuna neno lolote katikati. Mwingereza husema "I am afraid of dogs". Kile kivumishi "afraid" hakiwezi kumshika mbwa chenyewe. Lazima kishikwe mkono na "of". Sisi husema "amezoea baridi", yeye husema "used to the cold". Sisi husema "gunia limejaa mahindi", yeye husema "full of maize". Sisi husema "anaijua hisabati", yeye husema "good at mathematics".

Na pale tunapotaka kuonyesha kitendo kinamwelekea nani, sisi hatuongezi neno nje. Tunaongeza kiungo ndani ya kitenzi. "Kasirika" inakuwa "kasirikia", na mwanafunzi analalamika, "Mwalimu amenikasirikia." Hicho kiungo cha kauli ya kutendea ndicho kinachofanya kazi ya "with" katika "angry with me". Ekegusii hufanya vivyo hivyo: "korema" ni kulima, na "koremera" ni kulimia. Basi mtoto wetu anapokosea kihusishi, mara nyingi ni kwa sababu katika lugha zake mbili za kwanza hakuna kihusishi pale. Anabahatisha ili ajaze nafasi ambayo kwao haipo.

Lakini je, Waingereza wenyewe walizaliwa na vihusishi hivi vyote? La. Kiingereza cha zamani sana, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na viambishi mwishoni mwa majina vilivyoonyesha uhusiano wa maneno. Viambishi hivyo vilififia karne baada ya karne, na maneno madogo kama "of" na "to" yakachukua kazi yao. Mabaki machache yako hadi leo. Ndiyo maana "worth", "like" na "near" huweza kusimama bila kihusishi: "worth fifty shillings", "like his father", "near the river". Ukiona mwanafunzi ameandika "worth of fifty shillings", jua amefuata kanuni ya wengi akakutana na mkaidi mmoja aliyebaki.

Kihusishi kikibadilika, maana hubadilika

Kama ingekuwa ni urembo wa lugha tu, tungeweza kuyaacha mambo haya kwa walimu. Lakini kihusishi kibaya kinaweza kumfanya mtu aseme jambo ambalo hakulikusudia.

Fikiria kijana aliye bweni anayesikia kwamba magokoro amelazwa hospitali. Anamwandikia mwalimu kuomba ruhusa, anasema "I am afraid of my grandmother." Alitaka kusema anahofia hali ya bibi yake. Alichoandika ni kwamba anamwogopa bibi! Angeandika "afraid for my grandmother".

Au fikiria mgonjwa mbele ya daktari. "I am sick with malaria" ni kusema unaugua malaria. "I am sick of malaria" ni kusema umechoshwa na malaria, huitaki hata kuisikia. Daktari mwenye subira atakuelewa, lakini karatasi ya mtihani haina subira.

Angalia pia neno dogo "good". "Good at cooking" ni hodari wa kupika. "Good for the body" ni kitu chenye manufaa mwilini. "Good to me" ni mtu aliyenitendea wema. "Good with children" ni mtu anayejua kuishi na watoto wakampenda. Kivumishi ni kimoja, vihusishi ni vinne, na maana ni nne. Mama anayetafuta msaidizi wa nyumbani anamtaka aliye "good with children". Mwenye hoteli anamtaka aliye "good at cooking".

Na kazini je? "Responsible for" ni jambo unalolisimamia. "Responsible to" ni mkubwa unayewajibika kwake. Karani wa kiwanda cha majani chai anaweza kuwa "responsible for the weighing of tea" na "responsible to the manager". Akigeuza, ameandika kwamba yeye ndiye anayemsimamia meneja! Vile vile "I am familiar with this machine" ni kusema unaijua mashine. "I am familiar to this machine" ni kusema mashine ndiyo inayokujua wewe.

Na yule aliyetafsiri "ameolewa na mwalimu" kuwa "married by a teacher" ajihadhari. Kwa Kiingereza, anayetajwa baada ya "married by" mara nyingi ni pasta, padri au msajili aliyefungisha ndoa. Bwana harusi huja na "to".

Wapange kwa makundi

Msomaji, usikate tamaa ukadhani kila neno lina sheria yake. Vivumishi vingi hukaa kwa makundi, na ukijua kundi umepata nusu ya jibu.

Kundi la "to" aghalabu ni la kufanana, ukaribu na namna tunavyowatendea watu: "similar to", "equal to", "close to", "married to", "kind to", "rude to", "polite to", "loyal to". Humo pia mna "used to", "accustomed to" na "allergic to".

Kundi la "from" ni la kutengana: "different from", "far from", "absent from", "safe from", "free from". Ukikumbuka kwamba kutofautiana ni namna ya kutengana, hutasema tena "different with".

Kundi la "of" ni la mambo ya moyoni na ya kujaa au kupungukiwa: "afraid of", "ashamed of", "proud of", "fond of", "jealous of", "tired of", kisha "full of" na "short of". Ongeza pia "capable of", "sure of" na "guilty of".

Kundi la "at" ni la ustadi: "good at", "bad at", "clever at", "hopeless at". Hapa ndipo wengi huteleza wakasema "good in mathematics". Kosa hili lina asili yake, kwa maana Kiingereza chenyewe hukubali "weak in mathematics" na "fluent in English". Basi mtoto amesikia hizo mbili akadhani "good" nayo inafuata. Haifuati.

Kundi la "in" lina "interested in", "rich in", "fluent in". Kundi la "for" lina "famous for", "ready for", "late for", "suitable for". Kundi la "about" ni la wasiwasi na hisia juu ya jambo: "worried about", "anxious about", "excited about". Na "with" yetu tuliyoionea ina watu wake halali: "angry with", "pleased with", "satisfied with", "busy with", "popular with", "conversant with".

Jambo moja zaidi. Baada ya kihusishi, kitenzi huvaa "-ing". Tunasema "good at singing", si "good at sing". "Tired of waiting", si "tired of wait". Mtego mkubwa uko kwenye "used to". "I used to wake early" ni kusema zamani nilikuwa nikiamka mapema. "I am used to waking early" ni kusema nimezoea kuamka mapema. Sentensi mbili, maisha mawili tofauti.

Mtihani na barua ya kazi

Wazazi wengi huuliza kama mambo madogo hivi yana uzito wowote. Uzito upo. Katika KCSE, karatasi ya pili ya Kiingereza ina sehemu ya sarufi yenye alama 15, na karatasi ya kwanza ina kifungu cha kujaza mapengo chenye alama 10. Vihusishi hujitokeza pote pawili. Waliofanya KCPE, mtihani uliodumu tangu 1985 hadi 2023, nao watakumbuka kile kifungu cha mapengo 15. Isitoshe, insha nayo husahihishwa, na makosa ya "with" yakirudiwarudiwa humchosha msahihishaji.

Baada ya shule kuna barua ya kuomba kazi. Barua hizo zina vivumishi vyake vinavyopenda kurudi: "conversant with computers", "capable of working under pressure", "eligible for the post", "available for interview". Anayepokea barua mia mbili kwa nafasi moja hutafuta sababu ya kupunguza rundo. Kijana asimpe sababu hiyo katika mstari wa kwanza.

Hata hivyo, tusiwe wakali kupita kiasi. Waingereza wenyewe hawakubaliani kwa yote. Wengi wao husema "different to", na Wamarekani husema "different than". "Bored with" ndiyo iliyozoeleka vitabuni, lakini vijana wa London husema "bored of", na kamusi za leo zimeiandika. Lugha haijakaa kimya. Lakini mwanafunzi wa Kenya hupimwa kwa Kiingereza sanifu, na "different from" inakubaliwa pande zote za dunia. Ashike hiyo, awe salama.

Kamusi ilitengenezwa kwa ajili yetu

Kuna msaada ulio karibu ambao wengi hawautumii. Mwingereza A. S. Hornby alifundisha Kiingereza nchini Japani, na huko akaona kwamba kamusi za kawaida zilieleza maana ya neno lakini hazikumwambia mgeni jinsi ya kulitumia. Yeye na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, walitengeneza kamusi ya wanaojifunza, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942. Mwaka 1948 Oxford ikaitoa tena, na hiyo ndiyo mama wa kamusi ya Oxford ya wanafunzi iliyo katika maduka ya vitabu hadi leo. Mwaka 1954 Hornby alitoa kitabu kingine juu ya mipango ya sentensi za Kiingereza, na humo vivumishi vinavyofuatwa na kihusishi vilipewa sehemu yao.

Kwa hivyo usifungue kamusi ya namna hiyo kutafuta maana peke yake. Tafuta "afraid", utaona karibu yake imeandikwa "of". Tafuta "similar", utaona "to". Wala si lugha za Wazungu tu zilizochunguzwa hivyo. Msomi W. H. Whiteley, aliyejulikana sana kwa utafiti wa Kiswahili, alitoa kitabu cha kufundishia Ekegusii mwaka 1956. Ekegusii kina sarufi kamili kama Kiingereza, na mtoto anayekijua vizuri hana upungufu wowote kichwani. Anahitaji tu kuonyeshwa mahali njia zinapoachana.

Fanyeni hivi nyumbani

Kwanza, mtoto asiandike kivumishi peke yake kwenye daftari. Asiandike "proud". Aandike "proud of", kama jina na ubini wake.

Pili, atunge sentensi za mambo ya kwao, si za kitabuni. "Tabaka is famous for soapstone carvings." "Nyamira is suitable for tea." "Daraja Mbili market is full of bananas." "My grandmother is proud of her cow." Sentensi inayohusu ng'ombe wa nyanya haisahauliki upesi.

Tatu, tumieni safari. Mkipanda matatu Desemba kutoka Nairobi mkapitia Narok, Bomet na Sotik hadi Keroka, mchezo uwe huu: mmoja ataje kivumishi, mwingine akimalizie kwa kitu anachokiona dirishani. "Full!" "Full of cabbages!" Atakayesema "full with" anunue njugu kwenye kituo kinachofuata.

Nne, na hili ni la wazazi: msimcheke mtoto anapokosea, wala msimkataze Ekegusii mkidhani ndicho kinachomharibia Kiingereza. Mwulize, "Kwa lugha yetu tunasemaje? Na Mwingereza anasemaje?" Akiziona mbili kando kwa kando, ataelewa kwa nini alikosea, na akielewa sababu hatarudia sana. Mtoto aliyenyamazishwa hana makosa, lakini hana lugha pia.

Vivumishi vitano kwa wiki vinatosha. Kwa muhula mmoja atakuwa na zaidi ya hamsini, na hivyo ni vingi kuliko vinavyoulizwa katika mtihani wowote. Wachongaji wa Tabaka hawamalizi kinyago kwa pigo moja. Na wahenga wetu walikwisha sema, bandu bandu huisha gogo.